Popo wa Miembe na Punda Milia wa Upemba

Mvua za kwanza zikianguka Kolwezi, maembe hayajaiva vizuri na tayari popo wamefika. Usiku tunawasikia wakigombana juu ya miembe, na asubuhi tunafagia maganda na kokwa. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa popo ni panya aliyeota mabawa.

Si kweli. Wataalamu wanaochunguza vinasaba wamekuta kwamba panya yuko karibu na sisi binadamu kuliko alivyo karibu na popo! Popo yuko katika ukoo mkubwa wa ng'ombe, mbwa na punda milia. Ni udugu wa mbali mno, wa mamilioni ya miaka, lakini ni udugu.

Na huyo punda milia si mgeni kwetu. Ukitoka Kolwezi kuelekea kaskazini-mashariki, ukavuka mto Lualaba, mbele ni hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Huko, kwenye nyanda za juu zenye majani na baridi, wamebaki punda milia wa mwisho wa Kongo.

Tuwatazame kwa macho ya wamama. Mtoto wa punda milia hukaa tumboni karibu mwaka mzima, na akizaliwa, saa haipiti kabla hajasimama. Mtoto wa popo yeye hung'ang'ania kifuani mwa mama yake, kwa sababu matiti ya popo ni mawili na yako kifuani, kama yetu. Ya punda milia pia ni mawili, ila yako kati ya miguu ya nyuma. Na wote wawili, kwa kawaida, huzaa mtoto mmoja tu. Panya kwa muda huo ameshajaza nyumba. Kwa hiyo popo jike akipigwa manati, pengo lake halizibiki upesi, na ni popo wanaotusambazia mbegu za matunda ya porini, hata pale tulipomaliza miti kwa ajili ya makala.

Hatusemi mumkumbatie. Popo anaweza kubeba magonjwa; watoto wasimshike, hata aliyekufa. Embe lenye alama ya meno litupwe, mengine yaoshwe. Anayeuza sokoni ayachume yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, yaivie ndani ya gunia. Popo hatayafikia, na mwembe hauna haja ya kukatwa.