Kiwiko Juu: Kutunza Bega Katika Mtindo Huru

Leo tuweke kando lugha za programu tuzungumzie mikono. Riziki yangu inatoka kwenye kibodi, na bega likiharibika, kazi hakuna. Ndiyo maana nilipoanza kuogelea mtindo huru, ule wa kulala kifudifudi mikono ikizunguka kwa zamu, swali langu halikuwa namna ya kwenda mbio, bali namna ya kuogelea miaka mingi nikiwa na mabega mazima.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kasi ni umbali unaosonga kwa kila pigo la mkono, mara idadi ya mapigo kwa dakika. Wengi wakitaka kasi huongeza mapigo. Hiyo ni sawa na kununua kompyuta yenye nguvu zaidi ili programu iliyoandikwa ovyo iende haraka. Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa, na ukiongeza kasi maradufu, ukinzani wake hufika mara nne hivi. Utachoka kabla ya kufika ukutani.

Basi tutengeneze pigo lenyewe:

1. Kuingia: Kiganja kiingie mbele ya bega, si mbele ya kichwa. Kikivuka mstari wa katikati, mwili huyumba na bega hubanwa.

2. Kushika maji: Siri iko hapa. Vidole vielekee chini, kiwiko kibaki juu karibu na uso wa maji. Kuanzia kiwiko hadi kiganja pawe kafi moja. Mkono ulionyooka ukikandamiza maji chini, huinua kifua na kuzamisha miguu.

3. Kusukuma: Maji yaende nyuma hadi pajani, kiwiliwili kikizunguka kidogo ili misuli mikubwa ya mgongo isaidie bega.

4. Kurudi: Kiwiko kitangulie kutoka majini, mkono ukiwa umelegea. Huu ndio wakati wa misuli kupumzika.

Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyekuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla, alimaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi alishinda fainali kwa sekunde 48.30. Moyo wa Moussambani nauheshimu mno. Lakini tazameni mita zake za mwisho: mikono inafanya kazi, mwili karibu umesimama. Ushujaa ulimfikisha ukutani, ila maji yalimtoza bei kubwa.

Zoezi ninalolipenda ni la ngumi. Ogelea urefu mmoja wa bwawa umekunja ngumi, utalazimika kushika maji kwa mkono mzima hadi kiwiko. Ukifungua viganja, utahisi kama umepewa makasia.

Katika bwawa la mita 25 nilianza na mapigo 26. Baada ya wiki sita, nikibadilisha jambo moja kila wiki, yakawa 20 kwa muda uleule. Bega halilalamiki, na Jumatatu nakaa kwenye kibodi kama kawaida.

Haya, jaribuni. Hesabu mapigo yako kwanza, kisha badilisha kitu kimoja tu. Idadi ikipungua bila muda kuongezeka, kiache. Isipopungua, rudisha kama kilivyokuwa. Ni kama kusaka hitilafu kwenye programu, tofauti ni kwamba hapa unalowa.