Tairi Pana au Jembamba? Kosa Langu la Mwaloni

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, leo siongelei mnyauko wa migomba wala bei ya kahawa. Naongelea tairi la baiskeli, kwa sababu ushauri wangu uliwahi kumtia mtu hasara.

Alikuwa kijana wa Muleba, anashusha mikungu ya ndizi hadi mwaloni na kupanda na dagaa wakavu. Baiskeli yake ya gia ilikuwa na matairi ya inchi 26 kwa 1.75. Kwenye mchanga wa ufukweni yalizama, ikabidi ashuke na kusukuma. Nikamwambia, "Weka 2.125, usiogope." Akaweka. Kwa wiki mbili alinisifu kila tulipokutana.

Mvua za Novemba zikaanza. Njia yake ya kupanda kuelekea Kamachumu ni udongo mwekundu unaonata. Tope likajaa kati ya tairi na uma, likabana kwenye breki, gurudumu likagoma kuzunguka. Akiwa anachokonoa kwa kijiti, mvua ikamnyeshea, gunia la dagaa likalowa. Kabla jua halijatoka walikuwa wameanza kunuka. Aliponiona aliuliza tu, "Bwana Shamba, ulipima nafasi ya uma?"

Sikuwa nimepima. Nilimchangia mtaji wa gunia jingine, lakini wateja aliowakosa siku ile sikuweza kumrudishia.

Nilichojifunza ni hiki. Kwenye ardhi laini, kinachokuzuia kuzama ni ukubwa wa sehemu ya tairi inayogusa chini, na sehemu hiyo huongezeka ukipunguza upepo. Tairi pana linakuruhusu kupunguza upepo bila tyubu kubanwa na rimu. Huko Alaska, Marekani, wanaoendesha kwenye theluji laini hutumia matairi ya inchi 4 na upepo kidogo sana. Lakini baiskeli zao zimeundwa kwa upana huo. Zetu hapana.

Kabla ya kununua:

1. Pitisha kidole kati ya tairi na uma, mbele na nyuma, na penye breki. Kisipopita kwa urahisi, tairi hilo ni la kiangazi tu.

2. Soma namba ubavuni. Tairi la 26 haliingii kwenye rimu ya 28. Mwenye baiskeli ya 28 kwa 1½ abaki na saizi yake, acheze na upepo.

3. Mchangani punguza upepo kidogo kidogo. Ukiwa na mzigo, tairi libonyee lakini rimu isigonge chini. Ukifika barabara ngumu, jaza tena. Pampu isikosekane kwenye baiskeli.

4. Kama sehemu kubwa ya njia yako ni tope, chagua tairi jembamba kiasi lenye meno yaliyoachana, ili tope lidondoke.

Chagua tairi kwa kuangalia njia yako wakati wa masika na vuli, siyo kiangazi. Kijana yule sasa anatumia 1.95, na dagaa wake anawafunika turubai hata jua likiwaka.