Hame, Gofu, na Mji wa Nicodemus

Kiswahili hakikosi majina ya mahali palipoachwa. Gofu ni jengo lililobaki kuta. Hame ni makazi yaliyohamwa. Kitendo cha kuhama kimo ndani ya jina lenyewe. Ganjo nalo ni mahali palipokuwa na watu, sasa hapana mtu. Nilikuwa na maneno haya matatu kichwani mwishoni mwa Julai nilipokwenda Nicodemus, mji mdogo katika kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas nchini Marekani, nikitaka kujua ni lipi linaloufaa.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1877 na watu weusi, wengi wao waliotoka utumwani Kentucky. Waliikuta mbuga isiyo na miti, na pasipo miti hapana mbao. Wakachimba ardhi, wakaishi humo. Willianna Hickman, aliyewasili mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba alipoonyeshwa mji aliouendea aliona moshi tu ukifuka kutoka ardhini, akaangua kilio. Baada ya mashimo zikaja nyumba za mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, kisha za mawe ya chokaa. Ukiyasoma makazi hayo kwa mpangilio huo, unawaona watu wakitoka chini ya ardhi hatua kwa hatua, hadi wakasimama juu yake.

Mwaka 1888 reli waliyoitarajia ilipita kusini, ng'ambo ya mto Solomon, nayo maduka yakaifuata. Ukame na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukawaondoa wengine. Posta ilifungwa mwaka 1953. Leo yanahifadhiwa majengo matano: makanisa mawili, Hoteli ya St. Francis, shule, na Ukumbi wa Mji uliojengwa kwa mawe ya chokaa mwaka 1939. Serikali iliutambua mji kuwa mtaa wa kihistoria mwaka 1976, kisha mwaka 1996 ukawa eneo la kihistoria la taifa. Wakazi wa kudumu ni wachache mno.

Kwa kipimo cha kamusi, basi, hapo ni hame. Lakini kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wazao wa waanzilishi hurejea kuadhimisha kukombolewa kwa watumwa. Niliona magari yenye namba za majimbo ya mbali, vikongwe wakiwaonyesha wajukuu mahali nyumba fulani iliposimama, watoto wakikimbia juu ya nyasi zilizofunika mashimo ya kale. Hakuna mtu aliyezungumza kama mgeni.

Jambo hili linanigusa. Nyumba ya marehemu babu yangu imefungwa. Sisi wajukuu tumetawanyika, na mimi niko ughaibuni. Majirani wameanza kuiita hame, na katika familia wapo wanaotaka iuzwe kwa sababu hiyo hiyo. Neno limetangulia mnunuzi.

Jawabu nimelipata nje ya orodha ya nomino, katika neno tunalolitumia kila siku: kwetu. Tazama lilivyoundwa. Hatukusema petu, mahali dhahiri panapoweza kupimwa kwa kamba. Wala mwetu, ndani ya kuta, kwani kuta huanguka. Tulichagua ku-, upande mpana usio na mipaka mikali. Tena mtu hata akiwa peke yake, akiulizwa atokako, hujibu "kwetu", mara chache sana "kwangu". Neno hilo haliulizi nani amelala humo usiku wa jana. Linauliza nani angali akielekea huko.

Nicodemus ni kwao. Katika kikao kijacho cha familia nitaomba nyumba ya babu ijadiliwe kwa jina hilo kabla haijatajwa bei. Nawe, msomaji, ikiwa lahaja yenu ina neno jingine la mahali palipohamwa lakini pangali na wenyewe, tuandikie.