Mafuta ndani ya jicho la mjomba

Wadau, nimekuwa kimya miezi miwili. Nilikuwa na mgonjwa, na leo nina la kuungama.

Mjomba wangu ni mkulima wa Mvumi, Kilosa. Siyo ile Mvumi ya Dodoma yenye hospitali inayojulikana kwa macho! Kwetu sisi upasuaji wa retina tunaufuata Dar: pikipiki hadi Dumila, basi hadi Morogoro, kisha treni. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, lilipochomwa na bua la mahindi. Mwaka jana, katika jicho la kulia, giza likaanza kushuka kama pazia. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, ilikuwa imebanduka.

Madaktari wakairudisha mahali pake, wakatoa ute wa ndani ya jicho na kujaza mafuta ya silikoni. Mafuta hayo huigandamiza retina mpaka ishike, kama unavyokandamiza karatasi iliyopakwa gundi. Ni mepesi kuliko maji, huelea, ndiyo maana mjomba alilazwa kifudifudi siku kadhaa huku akilalamika.

Sasa sikilizeni. Mafuta hayo kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 3 hadi 6. Yakikaa sana huvunjika kuwa matone madogo, presha ya jicho inaweza kupanda, na lenzi huingia ukungu, yaani mtoto wa jicho. Tarehe ya kurudi niliiandika mimi, kwenye simu. Simu ikaibiwa Kariakoo, tarehe ikaenda nayo. Mjomba hakuuliza, alidhani sisi wa mjini tunajua tunachofanya. Ikapita miezi 11.

Siku moja dada akapiga: "Mjomba anapapasa ukuta kutafuta mlango." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari alitueleza njia mbili. Kutoa mafuta kwanza, kisha mjomba arudi baadaye kwa mtoto wa jicho. Au kumaliza yote siku moja, kwa ganzi moja. Ugumu wa njia ya pili uko kwenye kupima lenzi mpya. Mawimbi ya sauti ya kipimo hupita ndani ya mafuta kwa karibu mita 980 kwa sekunde, wakati kwenye ute ni zaidi ya 1,500. Hesabu isiporekebishwa, jicho huonekana refu kuliko lilivyo, unawekewa lenzi isiyo yako. Na mafuta yakishatoka, retina inaweza kubanduka tena. Hatari hiyo ipo hata ukigawa upasuaji mara mbili.

Jicho lenyewe ndilo hilo moja. Mimi nikaogopa. "Mjomba, twende taratibu basi, tufanye mara mbili."

Akacheka. "Mara ya kwanza mlinisahau, mjomba. Ya pili mtanikumbuka?"

Sikuwa na jibu. Akachagua siku moja.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa nilikuwa nimesimama mbele yake. "Shikamoo, mjomba." Akanitazama kwa muda mrefu. "Marahaba. Kumbe siku hizi unafuga ndevu!"

Nilitoka nje nikalia, wadau. Sioni aibu kusema.

Haoni kama zamani. Retina iliyowahi kubanduka hairudi kuwa mpya, na ya kwake bado inachunguzwa. Lakini anakwenda shamba peke yake, na haichanganyi noti ya elfu tano na ya elfu kumi.

Daktari akipima kati ya siku moja na mbili, anafikiria lenzi, presha na retina. Kwa mtu wa Mvumi kuna swali jingine: nani atamrudisha Dar? Kama nyumbani kwenu kuna mwenye mafuta jichoni, muulizeni leo hii yanatolewa lini. Tarehe muiandike mahali ambapo kila mtu anaiona. Ya mjomba ya uchunguzi ujao nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wake, herufi kubwa. Anaisoma mwenyewe.