Taa za Krismasi ndani ya Kibuyu

Najua nimepotea, kazi imenibana. Leo tuongee taa za Krismasi, maana nina deni la kueleza.

Nyumbani kwetu Isiolo, Mama alizipiga marufuku tangu 2021. Mwaka huo nilinunua zile za bei rahisi, nikazizungusha kwenye pazia na kuzichomeka. Waya ulikuwa mwembamba, na kiungo kimoja kililegea kikapata joto. Usiku Mama akaamshwa na harufu ya plastiki. Pazia lilikuwa limeungua tundu la ukubwa wa sahani, na mdogo wangu amelala hatua mbili tu kutoka hapo. Mama alizima moto, akaniuliza: "Mwanangu, umesomea kompyuta miaka minne, na stima ya nyumbani huijui?"

Sikuwa na jibu.

Desemba 2024 nikarudi na mpango. Nilinunua utepe wa LED aina ya WS2812B. Unatumia volti 5 tu, si 240 za ukutani, na kila taa ina chipu yake, hivyo unaiamuru peke yake. Ubongo ni kadi ndogo ya ESP8266.

Kabla ya kuchomeka, hesabu! Taa moja ikiwaka nyeupe kabisa hula hadi miliampea 60. Taa 50 ni ampea 3. Chaja yangu hutoa 2. Kwa hiyo ndani ya programu nikapunguza mwanga hadi nusu, yaani kama ampea 1.5, na nikaamuru zizime zenyewe saa sita usiku.

Sasa mapambo. Badala ya mti wa dukani, nilisimamisha tawi kavu la mgunga kwenye ndoo ya mchanga. Miiba yake inashika waya bila kamba. Kisha nikachukua kibuyu cha Mama kilichopasuka, nikakitoboa matundu madogo na kuingiza taa 20. Ukizima taa ya sebuleni, ukuta mzima unajaa nyota.

Mkesha wa Krismasi stima ikapotea mtaa mzima. Nikahamisha waya kwenye pawabenki ya mAh 10,000, inayotosha kama saa nne. Watoto wa jirani, Waislamu, wakaja mlangoni kutazama. Mama akawaita ndani, akawapa mandazi.

Idd-ul-Fitr ilipofika mwisho wa Machi 2025, mama yao akaja kuomba kibuyu. Nilibadilisha mstari mmoja wa programu, kikawaka kijani, nikampelekea.

Lakini sifa niliyoingoja niliipata usiku ule wa mkesha. Wageni walipoondoka, Mama aliinama, akaushika waya kwa kiganja, akautembeza mkono kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Baridi," akasema. Akaenda kulala, taa zikiwaka.