Godoro Zuri, Gari Baya

Nilidhani starehe ya msafiri ni godoro. Kabla ya kumpeleka mamangu kutoka Mombasa hadi Eldoret kwa dada yangu aliyejifungua, niliigeuza Hiace yetu kuukuu ikawa kama chumba: kitanda cha ubao, mapazia, hata birika la udhu. Madumu ya maji na mizigo nikaifunga juu ya paa. Baada ya Nakuru, barabara ikipanda kuelekea Timboroa, gari likawa linayumba kila kona kama jahazi lililopakiwa vibaya. Mamangu alikuwa kimya na tasbihi yake, mkono mmoja kiunoni.

“Mwanangu,” akasema hatimaye, “godoro zuri. Gari ndilo linalonipiga.”

Eldoret, mji ambao wazee huuita Sitini na Nne kwa nambari ya shamba ulipoanzia, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, uko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Baridi yake ya alfajiri hupenya kanzu. Huko fundi wa jua kali aliukandamiza upande wa nyuma wa gari, akauachilia. Likadunda mara nne. Akanifunza kwamba springi hubeba uzito, na shokabzoba hutuliza mdundo. Nilitaka aongeze bamba la springi. Akakataa, kwani lingezidisha ugumu. Akabadilisha shokabzoba za nyuma, akapunguza upepo wa matairi nilioujaza kupita kiasi, akayateremsha madumu sakafuni, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Tuliporudi, tukiteremka Timboroa, nilimtazama mamangu kwenye kioo. Amelala, tasbihi imemtoka mkononi.