Kiti Kimoja, Madaftari Mawili

Nilikuwa Nachingwea kikazi, na usiku nikawa napakia SimCRS, maktaba huria ya programu inayoigiza ukataji tiketi za ndege. Kwenye Fedora unaandika tu dnf install simcrs, lakini inakuja na ukoo mzima: StdAir, SimFQT, AirInv. Modemu ilihangaika!

Uwanja wa Nachingwea una herufi zake tatu duniani, NCH, kama Dar ilivyo na DAR. Basi nikabuni safari ya NCH kwenda DAR, viti 12. Kazi ya AirInv ni kutunza hesabu ya viti: kikiuzwa kimoja, kinapungua papo hapo. Mashirika ya ndege nayo huuza tiketi kuzidi viti, ila kwa kupiga hesabu.

Asubuhi mimi na shangazi, anayeumwa goti, tukapanda basi la Ruangwa. Viti vyetu vilishauzwa kwa watu wengine, kwenye daftari la wakala mwingine. Shangazi akasimama hadi Ruangwa.

Njiani akauliza usiku kucha nilikuwa nafanya nini.

"Nauza tiketi za ndege, shangazi."

"Basi nikatie moja. Ya kukaa."